Mpira Uliosimama Hewani

Jumatatu, 6 Agosti 2012

Vumbi tena. Nimefagia chumba mara mbili kabla ya kuwasha jenereta, na bado kibodi zote zina rangi ya barabara. Kiangazi cha kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale hakina huruma. Mafuta yamefika kutoka Kaberebere, yatatosha juma hili. Mlinzi anazima jenereta saa kumi na moja jioni. Hasahau kamwe. Hata ukiwa katikati ya neno, anazima.

Watu walijaa kabla sijafungua madirisha. Wanafunzi wa Kiingereza, mafundi wa cherehani wanaotafuta mishono, wachungaji na barua zao. Kila mmoja akaketi mbele ya skrini yake akiamini ana kompyuta yake. Hana. Kompyuta ni moja, hilo sanduku chini ya meza yangu, na skrini zote zimeungwa nalo kwa nyaya. Nimeshawaeleza mpaka nimechoka. Wanaitikia kwa kichwa, halafu wanalalamika kwamba kompyuta yao leo inaumwa ila ya jirani ni nzima.

Mimi mwenyewe sijazoea. Kila asubuhi nafungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani ya sanduku na kuitazama tu. Prosesa, ubongo wa sanduku, inampa huyu punje ya muda, inahamia kwa yule, inarudi kwa wa kwanza. Haraka mno. Chumba kizima kinahudumiwa na kila mtu anadhani yuko peke yake. Afande Barigye, yule fundi wa jeshi, aliponieleza hivyo kule Mbarara nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mungu wangu, ni nani aliyekaa chini akafikiria jambo hili?

Leo mashine ni nzito. Unagonga herufi, inatokea baadaye, ikijisikia. Nimetukanwa kwa lugha zote za kambi. Sijui sababu. Kutokujua kunaniudhi kuliko matusi.

Jumanne, 7 Agosti

Bado nzito.

Mama Nabintu alikuja mchana na binti yake Neema. Mama ndiye anayeongoza kwaya yetu. Alibeba diski ya kompyuta imefungwa ndani ya kitenge, juu ya mikono miwili, wala hakutaka kuiweka mezani mpaka niliposogeza chai yangu.

Majina yao yametoka kwenye orodha ya wanaohamishwa. Ijumaa alfajiri basi linawachukua, Kampala kwanza, kisha Amerika. Nilijua wataondoka, sikujua ni mapema hivi. Niliumia. Nani atatushikia sauti ya pili?

Habari ya diski ni hii. Kabla ya vita, Krismasi moja huko kwao Baraka, mgeni fulani alikuja kanisani na kamera ya video akaichukua kwaya. Mume wa Mama Nabintu alikuwa mwimbaji. Mwaka uliofuata vita vikaja. Mume alienda shambani hakurudi. Nyumba iliungua na kila picha iliyokuwamo. Neema alikuwa bado tumboni. Kanda ilibaki kwa mchungaji, ikavuka ziwa naye, ikazunguka kambi hadi kambi, na mwaka huu ndiyo imemfikia mwenyewe.

Fundi mmoja wa huko Ruti, Mbarara, aliihamisha kutoka kwenye kanda hadi kwenye diski. Hapo kompyuta yake ikaharibika. Diski ni yake, anaitaka kesho. Nimelihamisha faili kwenye mashine yetu. Ni kubwa ajabu, haliwezi kuingia kwenye flashi yao hata robo. Nilipolifungua tuliona giza na mistari, na tukasikia kuimba kwa mbali. Hakuna uso hata mmoja. Lazima programu ipite picha moja baada ya nyingine, iitie mwanga, iibane. Kazi ya siku nzima, na usiku hatuna umeme.

Walipofika mlangoni Neema akageuka. "Dada Espe, mimi siyamuonaka baba. Hata ku foto."

Nikasema nitafanya. Nimeahidi kabla ya kufikiri, kama kawaida yangu.

Jumatano, 8 Agosti

Siku mbaya. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Nilianzisha kazi ya video asubuhi. Kabla sijaketi vizuri chumba kikagoma. Mishale ya skrini zote ikaganda. Kijana mmoja alikuwa anajaza maombi ya chuo, akashika kichwa. Mchungaji akasimama akauliza kwa sauti ya mimbari ni nani amefanya hivi. Nikatazama orodha: programu yangu iko juu kabisa, imekamata prosesa karibu yote, haina aibu. Nilivumilia mpaka adhuhuri. Kelele zikanishinda. Nikaiua.

Amri moja tu. Ikafa, na kazi yote ya asubuhi ikafa nayo. Kazi ya namna hii haina nusu. Ikikatwa unaanza upya. Mama Nabintu alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. Aliona uso wangu akaelewa. "Haina neno, muchanga wangu. Tutarudia kesho." Bora angenigombeza. Kesho ndiyo siku ya mwisho, wote wawili tunajua.

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao wa simu nikampigia Afande Barigye. Ni fundi wa mawasiliano kwenye kambi ya jeshi Mbarara, na siku akiwa na nafasi anatengeneza kompyuta za watu huko Kamukuzi. Alicheka kwanza. "Wewe unaua haraka sana. Kuua ni ya mwisho! Hiyo programu haina makosa, ni njaa tu. Wewe pea yeye namba ya adabu. Namba ikiwa kubwa, adabu inakuwa mingi. Itakula tu ile wengine wameacha."

Akanisomea amri herufi kwa herufi. Nimeiandika kwenye kiganja. Namba ya adabu! Kumbe unaweza kuiambia programu iwe na adabu, nayo inatii. Nilishuka mlima nikicheka peke yangu, watu wakanitazama.

Jioni nilienda bombani. Maji yanatoka kidogo siku hizi, foleni ya madumu inafika mpaka kwenye mipapai ya watu. Ilikuwa zamu ya Kashindi. Huyu anafyatua matofali, ana madumu mengi kuliko familia tatu, na udongo wake ukikauka amekula hasara. Akajaza dumu moja, akasogea. Wengine wakajaza. Akarudi akajaza lingine, akasogea tena. Ndivyo tunavyofanya hapa, mwenye mengi hajazi yote kwa mkupuo. Hakuna anayemfukuza na hakuna anayeunguzwa na jua kwa ajili yake. Mwenye safari au msiba ndiye anayepishwa na wote.

Nikasimama na dumu langu, mdomo wazi. Jambo lilelile! Naliona kila jioni tangu nifike nchi hii, halafu naenda kulishangaa ndani ya sanduku. Nilimwambia Kashindi kwamba yeye ni programu yenye adabu. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 9 Agosti

Naandika kwa vipande, kati ya kazi na kazi.

Saa mbili. Video imeanza. Nimeipa namba kubwa ya adabu. Nikazitazama skrini. Mishale inatembea. Herufi zinakuja. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna hata aliyegeuka. Kando ya miguu yangu sanduku linanguruma na kuchemka, linachambua Krismasi ya Baraka picha kwa picha, na juu yake watu wanaandika barua zao. Mama Nabintu na Neema wako kwenye kile kiti kimoja, wanapokezana.

Saa tano. Inaenda, ila polepole. Polepole sana.

Saa saba. Nina hofu. Haijafika hata theluthi. Kwa mwendo huu mlinzi atatukata katikati. Na sielewi, kwa sababu chumba ni kitupu! Leo ni siku ya kugawiwa chakula, watu wameenda uwanjani na magunia yao. Wamebaki wanafunzi wawili wanaoandika, na kuandika hakuli kitu. Sasa prosesa inaliwa na nani?

Nikaisoma orodha vizuri, mstari kwa mstari. Kisha nikasimama nikatembea kati ya meza.

Jamani. Nimejua. Nimejua kwa nini mashine ni nzito tangu Jumatatu!

Kila skrini isiyo na mtu ina kitu kinachotembea. Hapa wimbo unajirudia, hapa karata zinajichanganya zenyewe, hapa samaki wanaogelea. Kwa Kashindi ni video ya mpira, goli lilelile kila mara. Sikuwahi kujiuliza. Wanashika nafasi! Wanaacha skrini ikicheza kama wanavyoacha dumu bombani. Skrini iliyolala ni ya yeyote; skrini inayotembea ina mwenyewe. Nani aliwafundisha? Hakuna. Wamejifundisha. Na kila dumu lao linakunywa, na programu yangu yenye adabu inawapisha wote, inapisha samaki, inapisha karata, na Krismasi ya Baraka inangoja.

Nilitaka kuwaua wote. Kidole kilikuwa tayari. Neema akanishika mkono. "Dada, bidoni ya mutu hatuitoshake ku mustari. Batatuchukia, na tunaenda. Mama hatapenda tuende hivyo."

Amesema kweli. Ukiondoa dumu la mtu wakati hayupo, hata kama maji ni ya mgonjwa, hilo jambo halisahauliki. Watu wamepigana mpaka damu kwa dumu lililosogezwa. Na baadhi wana barua zao mle, hazijahifadhiwa.

Nikakimbia kilimani. Kweli nilikimbia, mimi na viatu hivi. Afande Barigye alikuwa anakula. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akaweka chakula kando.

"Sasa sikiliza. Iko amri ingine. Hapana kuua, hapana adabu. Ni kusema tu 'simama'. Kama paredi. Inasimama hapohapo, mguu juu. Ukisema 'endelea', inashusha mguu, inatembea. Haijui hata kama ilisimama."

Nikamwambia haiwezekani. "Jaribu," akasema, akarudi kwenye chakula chake.

Saa nane. Nilianza na mpira wa Kashindi. Nikaandika amri. Nikagonga.

Mpira ulisimama hewani.

Mpigaji ameinama, kipa ameruka, mikono imenyooka, na mpira uko kati yao, haujaanguka, haujaingia. Nilienda karibu nikautazama. Neema naye. Nikarudi nikaandika "endelea", ukaingia wavuni. Nikausimamisha tena kwenye marudio. Nikacheka mpaka machozi. Najua ni mashine. Najua ni amri tu. Lakini nimeuambia wakati usimame na umesimama, na hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu aliyenifikisha mahali pa kuona hili.

Samaki, simameni. Karata, simameni. Wimbo, nyamaza.

Na ile video ikapiga mbio! Niliona kwa macho yangu ile asilimia ikipanda. Sanduku likawa moto, nikafungua ubavu wake nikamwambia Mama Nabintu apepee kwa kitenge. Akapepea. Hajauliza kwa nini.

Saa kumi. Wanarudi. Unga mabegani, vumbi mpaka kwenye kope. Kashindi wa kwanza. Aliona mpira wake uko hewani akanijia mezani, sura imekunjamana.

"Dada Espe, fasi yangu imekufa?"

Nikamwambia nafasi yake haijafa, imesimama, nikiitaka inaendelea sasa hivi. Lakini kuna kazi inamalizika ndani. Akauliza ni ya nani. Nikaonyesha kwa kidevu. Mama Nabintu hakugeuka, alikuwa anapepea.

"Beko naenda kesho?"

"Alfajiri."

Kashindi akatua gunia. "Wapite basi." Akaketi mbele ya mpira wake uliosimama akaanza kuutazama. Kila aliyeingia na kufungua mdomo, Kashindi alimwambia maneno yaleyale, "mwenye safari," naye akaketi. Nikawa na chumba kilichojaa watu wanaotazama skrini zisizotembea. Hata mchungaji. Sijawahi kuona. Sidhani kama nitaona tena.

Alhamisi, jioni

Ilimalizika mlinzi akiwa tayari anatembea kuelekea jenereta. Nilisikia viatu vyake. Nikampigia kelele dirishani angoje, kwa mara ya kwanza akangoja. Nikaiweka kwenye flashi, kisha nikaifungua kwenye skrini yangu, na wote wakasimama nyuma ya Mama Nabintu.

Kanisa la udongo. Kwaya imevaa mashati meupe. Picha si nzuri, ina mistari, lakini nyuso zinaonekana. Mama Nabintu akaanza kuwataja kwa sauti ndogo, huyu, huyu, huyu alikufa, huyu yuko Kigoma. Mumewe alikuwa mstari wa nyuma, amefichwa na mtu mrefu. Tunaona bega tu. Wimbo ukaenda, ukaenda, na ni bega tu. Nilitaka kuingiza mkono nimsukume yule mrefu.

Halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaingia amechelewa. Lile bega likatoka mstarini kumpisha. Akasimama pembeni, peke yake, akatazama kamera, akacheka kama mtu aliyeshikwa.

"Ule njo baba yako," Mama Nabintu alisema.

Neema alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikamtazama yeye, nikamtazama yule. Kidevu ni kimoja.

"Mama," akasema, "mbona ni kijana?"

Mama Nabintu mwenyewe alikuwa hajaona hilo. Nilimwona akihesabu kichwani, kisha akaacha. Mume wake ana umri wa kuwa mwanawe.

Niliuliza kama niisimamishe pale. Neema akaitikia kwa kichwa. Nikaandika "simama". Kijana akasimama, anacheka. Tukakaa naye hivyo. Mlinzi aliingia kuuliza kama tunataka achome mafuta ya juma lote, akaona, akavua kofia.

Baadaye nikasema "endelea". Akarudi mstarini nyuma ya yule mrefu.

Kisha nikawaachia wote, samaki, karata, wimbo. Mpira wa Kashindi ukaingia wavuni. Watu wakashangilia kama hawajawahi kuuona.

Ijumaa, 10 Agosti

Wameondoka. Tuliimba kando ya basi, vibaya, sauti ya pili imekosekana tayari. Neema alikuwa na ile flashi shingoni, kwenye uzi. Hakuitoa kunionyesha, aliigusa tu. Mama Nabintu alinishika mashavu kwa mikono yote miwili.

Nimebandika karatasi ukutani: ukitoka, niambie, nitakushikia nafasi. Hakuna haja ya samaki. Mashine ni nyepesi. Sina hamu ya kazi leo.

Jumapili, 12 Agosti

Bombani baada ya ibada. Maji yanatoka kama uzi.

Dumu la Mama Nabintu liko kwenye foleni. La njano, lina kifuniko cha gunzi na msalaba wa rangi nyekundu ubavuni, wote tunalijua. Aliliweka Alhamisi alfajiri, zamu haikumfikia, akaondoka likiwa palepale. Tangu hapo kila anayesogeza lake analisogeza na hilo kwa mguu. Hakuna aliyeliondoa.

Leo likafika mbele. Tukatazamana. Ningeweza kulichukua, kila mmoja angeweza.

Nyuma kabisa alisimama mwanamke nisiyemjua, ana mtoto mgongoni. Amekimbia vita Masisi, lori limewashusha juzi. Hakuwa na dumu wala sufuria. Alisimama tu na sisi, nadhani kwa kuwa ndiko watu walikokuwa. Kashindi akamwona. Akamwita kwa mkono. Mama wa watu akaogopa, akasema yeye amekuja mwisho.

"Hapana," Kashindi akamwambia. "Fasi yako ni hii. Ilikuwa inakungoja."

Yule mama akajaza dumu la njano. Ilichukua muda. Kisha nikajaza langu, nikarudi nyumbani.